Mtungi wa Nyumba Yenye Matanga

Bomba letu liko nyuma ya safu ya pili ya nyumba, karibu na mabafu, na kwa miaka mingi ufunguo wake ulikaa kwangu, kwenye kamba shingoni, chini ya nguo. Sikupewa kwa sababu ya masomo. Nilifika darasa la tatu nikarudishwa nyumbani kulea wadogo zangu. Nilipewa kwa sababu nakumbuka majina. Mitungi ya plastiki, ile ya lita ishirini iliyokuja na mafuta ya kupikia, hufanana yote ikipangwa mstari, ya njano nyuma ya ya njano. Mimi nilikuwa nikipita mara moja najua huu ni wa nani, mama yake ni nani, na huyo mama aliletwa hapa mtaa wa Ziwani na mume gani, wa reli au wa baraza la jiji. Mpaka leo naweza kuwataja mlango kwa mlango. Hapa lakini sitaandika hata jina moja. Walio hai wataniuliza kwa nini nimewaandika, na waliokufa hawana njia ya kuniuliza.

Ninachotaka kuandika ni habari ya mjukuu wangu, binti wa binti yangu wa mwisho, niliyemlea tangu mama yake alipotuacha. Alimaliza kidato cha nne, akasoma kompyuta kwenye ukumbi wa mtaa, kisha akakaa nyumbani miaka miwili akipeleka makaratasi kwenye maofisi. Yalikuwa yanakwenda, hayarudi.

Katika kukaa huko ndiko alikoanza mafumbo. Mwanzoni nilidhani ni mchezo. Akanieleza polepole, mara tatu, mpaka nikashika. Kuna mahali kwenye mtandao ambako watu wa nchi zote huwekeana mafumbo ya kompyuta. Mtu anatunga kisa, mwisho anauliza swali. Wewe huandiki jibu. Unaandika programu, yaani maagizo ambayo kompyuta itafuata hatua kwa hatua mpaka ipate jibu, si la kisa hicho kimoja tu, bali la visa vyote vya namna hiyo. Mtunzi ameficha majibu yake nyuma ya pazia. Maagizo yako yakitoa majibu yale yale, umefumbua.

Fumbo jipya haliingii hivi hivi. Hukaa kando kwanza, watu wanalijaribu, wanaandika maoni: hapa hapaeleweki, hapa umekosea. Wakiridhika linapokelewa kati ya mengine. Wasiporidhika linashushwa.

Mwalimu wa pale ukumbini, kijana aliyetoka magharibi ya nchi, ndiye aliyeleta habari ya ofisi. Ilikuwa ofisi ya mjini iliyotaka vijana wachache, iwafunze halafu iwaandike kazi. Vyeti walikuwa wamechoka navyo. Walitaka mtu aonyeshe kitu alichokitengeneza kikapita mbele ya macho ya watu wasiomjua. Fumbo moja lililopokelewa lingetosha aitwe. Makaratasi yalikuwa yafike kabla ya mwezi kwisha.

"Cucu," mjukuu wangu akaniambia siku hiyo (huniita cucu au shosh, yaani bibi), "hii ndiyo yangu."

Nikamwambia Mungu ni mwema. Nilikuwa nikimenya minji, njegere ninazouza sokoni, na nakumbuka kwamba niliangusha bakuli.

Lakini huwezi kwenda mahali ukasomewa tu, nawe husomi mafumbo ya wenzako. Adabu ya pale ilikuwa utoe maoni kwa mafumbo ya wengine kwanza. Basi kila alasiri, nikirudi sokoni, alikaa kwenye kigoda na ile laptop ya kuazima kutoka ukumbini, ananisomea. Imeandikwa Kiingereza, yeye anaigeuza akisoma.

"Shosh, skiza hii. Kuna jamaa ana mbuzi, anawavusha kwa lori. Lori linabeba mbuzi kumi. Sasa anauliza, ataenda mara ngapi?"

"Mbuzi mwenye mtoto anayenyonya," nikasema, "anahesabiwa mmoja au wawili?"

Akacheka. "Wee shosh, hiyo ni hesabu, si malisho."

"Nimeuliza tu. Mtoto humtenganishi na mama yake. Na nafasi anachukua."

Akarudi kusoma, mdomo ukisogea. Kicheko kikakatika. "Aki hajasema. Na huku chini kwa mifano ameweka wenye watoto."

Akaandika. Kesho yake mwenye mbuzi alijibu akashukuru, akarekebisha. Alitaka kujua mjukuu wangu amesomea wapi. Tulicheka mpaka jirani yangu wa mlango wa pili akagonga ukuta akiuliza tumeokota nini.

Tangu siku hiyo akawa ananitafuta. Na mimi nilimfundisha namna ya kusema, kwa sababu mwanzoni alikuwa na ulimi mkali wa vijana wa Eastlands, mitaa yetu hii. Mtu mmoja alikuwa ametunga fumbo la ngazi lisilokuwa na kichwa wala miguu, naye akamwandikia kwamba limeoza. Nikamwambia afute.

"Lakini limeoza, cucu."

"Hata kama. Amelikalia siku ngapi?"

Nikamweleza ninavyofundisha kufuma vitambaa vya viti kwenye kikundi cha akina mama kanisani. Msichana akikosea, simfumulii. Nikimfumulia, atakachojifunza ni kwamba mimi najua. Nachukua pini, naichoma pale uzi ulipopotea njia. Namwambia, ua hili la kwanza limekaa vizuri, sasa tazama penye pini. Namrudishia kitambaa chake. Mkono unaofumua uwe wake.

Akalipenda neno hilo. Ikawa, akimaliza kusoma fumbo la mtu, ananiuliza, "Haya shosh, pini tunachoma wapi?" Na mimi nachoma. Naandika haya bila kujisifu. Mashimo ya watu nilikuwa nayaona. Bibi wa darasa la tatu, wa minji, anamwambia mtu wa ng'ambo kwamba hajasema kama mlango unafunguka kwa ndani au kwa nje, na mtu wa ng'ambo anasema asante.

Kisha akatunga lake. Hakwenda mbali kulitafuta, alitunga bomba letu.

Alianza kwa kueleza kwamba maji huja siku chache, kwamba watu hupanga mitungi, na kwamba mtungi ni mtu: ukishauweka kwenye foleni unaweza kwenda kuwasha jiko, mtungi utakushikia nafasi yako na hakuna atakayeusogeza. Akaeleza ukifika wakati wako hujarudi, aliye nyuma yako anakujazia, anauweka kando. Vizuri kabisa, kama tunavyofanya. Halafu akaweka mifano, akanisomea mmoja.

"Fundi viatu ameweka mtungi wa kwanza, akaenda zake. Mama mboga ameweka wa pili. Mwalimu wa tatu. Nyumba yenye matanga imeleta wake wa nne. Bomba limefunguliwa. Mtungi wa mama mboga utajazwa wa ngapi?"

"Wa tatu," nikasema, kabla hajafunga mdomo.

"Shosh! Hata hujafikiria."

Nilikuwa sina la kufikiria. Nyumba yenye matanga haipangi foleni. Mtu akifa, mpaka siku ya kuzika, mtungi wa nyumba ile hupita mbele, hakuna anayeuliza, wala wenyewe hawaombi. Watu wanakuja kulia, watakunywa chai ya nini? Kwa hiyo matanga kwanza, fundi wa pili, mama mboga wa tatu. Na tena mimi sikuwa nikihesabu mitungi. Alipokuwa akisoma nilikuwa nikiwaona. Fundi viatu nilimjua, na nyumba yenye matanga niliijua ni ipi na ni nani aliyekuwa amelala, na nilikumbuka kwamba ni mimi niliyeukokota mtungi wao kwa mkono wangu mpaka chini ya bomba.

Akanipa mingine, mirefu, ya mitungi ishirini. Yote nikapata. Akalipeleka darasani ukumbini, wote wakapata, hata mwalimu. Wakamwambia liko sawa kabisa. Tulimtafutia kosa kama tulivyowatafutia wengine, sisi sote, na hatukuona hata moja. Nilichukua pini mkononi, kweli, kwa mzaha, nikairudisha kwenye kikopo.

"Liko safi," nikamwambia. "Litume."

Maoni yakaanza kuingia kesho yake. La kwanza lilisema majibu yake si sahihi. La pili lilisema mtunzi hajui kuhesabu. La tatu liliuliza, matanga yanahusiana nini na maji?

"Huyu hakuzaliwa na mtu?" nikasema.

"Wananichoma, shosh." Alikuwa akitabasamu bado, lakini alikuwa akiyasoma upya, moja moja.

Programu zao zilikuwa zikitoa wa pili pale alipoficha wa tatu. Walisoma matanga kama unavyosoma rangi ya kitenge cha mtu kwenye hadithi. Habari tu, unaipita.

Siku ya pili ndipo alipoandika yule mmoja. Sijui ni mwanamume au mwanamke, wala anaishi wapi. Pale watu hutumia majina ya kubuni, na hilo ndilo jina pekee katika habari hii yote ambalo sikulishika. Aliandika kwa upole. Alisema kisa ni kizuri, na amependa kwamba mtungi husimama badala ya mtu. Akasema, lakini katika mifano mitatu nyumba yenye msiba imetangulia, na hakuna mahali uliposema kwamba itatangulia. Je, ni desturi ya kwenu? Kama ndiyo, ongeza sentensi moja tu, fumbo lako litasimama.

Mjukuu wangu akageuka akanitazama. Uso ulikuwa umefunguka. "Cucu," akasema, "hii ndiyo pini."

Ningeandika kwamba nilifurahi. Nilikasirika. Mpaka leo sijui hasira ile ilitoka wapi, labda ni lile swali la matanga na maji lililokuwa bado halijaniisha.

"Unataka kuongeza nini?"

"Sentensi moja tu. Kwamba nyumba yenye matanga inatangulia."

"Utaandika pia kwamba watu huvua viatu wakilala? Kitu kama hicho hakiandikwi. Ukikiandika, ni kama kuna mtu angeweza kukataa."

"Lakini shosh, wao hawako hapa. Hawajui."

"Basi wafikirie. Si ni fumbo? Wewe umeandika matanga. Mwenye akili akiona matanga anajua. Wao ndio wamekosa, si wewe. Usibadilishe."

Alikaa na vidole juu ya vile vibonye. Nilimwona akitaka kusema la pili. Lakini nilimlea mimi, na nilimlea asinijibu mara mbili. Akafunga laptop, akaenda kuanua nguo.

Siku zikapita. Nilimwuliza vipi fumbo, akasema bado. Aliacha kunisomea ya wengine. Alisema macho yanamuuma. Nikaona ni vizuri apumzike.

Ilikuwa Jumamosi, nafua. Nilikuwa na blanketi mikononi, nalikamua, na wale mbuzi wakanijia, wala sikuwa nimewafikiria. Yule mtu wa mbuzi. Alikokuwa yeye, hakuna asiyejua kama mtoto anayenyonya anahesabiwa au hahesabiwi. Mtoto mdogo wa kwao angekujibu. Ndiyo maana hakuandika. Hakuwa mjinga, alikuwa nyumbani kwake. Na mimi nilimchomea pini kwa sababu mimi si wa kwake, nilikuwa nimesimama nje nikaona shimo. Kwa bomba letu nilikuwa ndani. Nilipata majibu yote, hata ya mitungi ishirini, bila kusoma fumbo. Nilikuwa nikijibu watu ninaowajua.

Niliacha blanketi kwenye karai nikaingia na mikono ya sabuni.

"Andika," nikamwambia. "Ile sentensi. Iandike sasa hivi. Nilikosea mimi."

Alikuwa amelala kitandani, ametazama ukuta. Hakugeuka.

"Lilishushwa, cucu. Juzi."

"Si unaweza kulipandisha tena?"

"Linaanza upya. Linasubiri tena watu wasome. Mwezi unaisha Jumatatu."

Mwalimu alikwenda mwenyewe kule ofisini kumwombea. Wakamwambia wameshachagua. Alikuja kutuambia akiwa amesimama mlangoni, hakutaka kuingia, nikamlazimisha chai. Alisema pia kwamba na yeye alilisoma fumbo lile mara tano na hakuona kitu, kwao pia nyumba yenye matanga inatangulia. Alisema hivyo kunifariji. Mjukuu wangu akasema, "Usijali, mwalimu," akamwongezea sukari.

Nilimwambia atunge lingine. Akasema atatunga. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu, tungegombana, tukalia, ikaisha. Alirudisha laptop ukumbini ikiwa imefutwa vumbi, na waya umekunjwa vizuri. Wiki iliyofuata akaanza kwenda upande wa Mukuru kwa Reuben, kwenye mageti ya viwanda. Huko unasimama asubuhi na wengine, anatoka mtu anawanyooshea kidole, wewe, wewe, wewe. Huchaguliwi kwa kufika kwanza wala kwa jambo lolote ninaloweza kulielewa. Siku anazochaguliwa anabandika soli za viatu. Anarudi vidole vimekakamaa kwa gundi, anavisugua kwa mafuta ya taa. Kuhusu mafumbo, sikumsikia tena. Siku moja nilimwambia, kwa kumchokoza tu, "Haya, pini tunachoma wapi leo?" Akasema, "Cucu, nimechoka."

Mwaka huu mdogo wangu alifariki. Ndiye wa mwisho kati ya wale niliorudishwa nyumbani kuwalea. Aliishi upande wa Makadara, lakini hana mtoto aliyebaki, kwa hiyo matanga yakawa kwangu. Watu wa kanisa walikuwa waje saa kumi kwa maombi. Nikachukua mtungi nikaenda bombani.

Ufunguo siku hizi hauko kwangu. Mabomba yalipobadilishwa, vijana wakaunda kamati yao, na mmoja wao ndiye anayefungua na kufunga. Sikuona ubaya, shingo yangu ilikuwa imechoka. Huyo kijana namjua, nilimshika siku ya kuzaliwa kwake. Mitungi ilikuwa imepangwa mpaka kwenye mabafu. Niliukokota wangu, nikapita pembeni, nikauweka chini ya bomba. Sikusema kitu, kwa sababu hatusemi.

"Shosh," akasema yule kijana. "Shosh, laini inaanzia kule."

Nikadhani hajui. "Nina matanga, baba."

"Pole sana, shosh. Pole kabisa." Na alimaanisha, niliona. "Lakini laini ni laini. Nikikuruhusu wewe, kila mtu ataniambia ana matanga."

Nikageuka kuwatazama waliokuwa nyuma. Nilimjua kila mmoja kwa jina lake na la mama yake. Nilitafuta mmoja tu aseme, mwache huyo mama. Mwanamke mmoja alikuwa akitazama simu. Nyumba yao ilipokuwa na matanga, mtungi wao niliubeba mimi. Lakini alikuwa mtoto mdogo wakati ule, nani angemwambia? Hakuna aliyemwandikia popote. Mwingine akasema kwa upole kabisa, "Mama, ungeanza mapema." Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wakisubiri nitoe mtungi ili maji yafunguliwe.

Nikautoa, nikautembeza mpaka mwisho wa mstari, nikauweka.

Watu wa kanisa walikuja, wakaimba, chai ikachelewa. Nilisema moto ndio uliosumbua.

Mjukuu wangu alirudi jua likizama. Aliwasalimu wageni waliobaki, akaingia jikoni, akaniona nikipima maji kwa kikombe kuyatia kwenye sufuria. Akatazama mtungi, akanitazama.

"Maji yalipatikana?"

"Yalipatikana."

Akawa anavua sweta, gundi imemshika hadi kwenye viwiko. "Ulijaziwa wa ngapi?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifungua kinywa nimdanganye.

"Wa kumi na saba," nikasema.

Alisimama na sweta mkononi, na nikaona midomo yake ikisogea kidogo, kama zamani alipokuwa akisoma mfano na kutafuta jibu lake. Kisha ikatulia. Alichukua karai, akamimina maji kidogo, yasiyofika hata nusu, akaenda nayo mabafuni kunawa gundi.